Shemeji ni fundi, lakini je, ana leseni?

Nyumba waliyoipata ilikuwa Houston, jimbo la Texas: vyumba vitatu, uwanja wa watoto kuchezea, na bei ya kumeza akiba ya miaka tisa. Mkataba uliwapa siku saba za kujitoa kwa sababu yoyote, kwa ada ndogo. Hizo ndizo siku za kumleta mkaguzi.

Hapo mume na mke wakatofautiana. Mume alimtaka shemeji yake, fundi wa miaka mingi, ambaye angekagua bure. Kumwacha ndugu na kumlipa mgeni mamia ya dola, alisema, ni kumvunjia heshima. Aliyekataa ni mke, ingawa fundi huyo ni kaka yake wa damu.

“Kaka anajua kujenga,” alisema. “Lakini akikosea, tutamdai?”

Swali hilo ndilo maana ya leseni. Texas, wakaguzi wa nyumba hupewa leseni na tume ya jimbo iitwayo TREC. Mkaguzi lazima asome, afaulu mtihani na awe na bima, ili akizembea mteja awe na pa kudai. Sheria pia inamkataza kutengeneza kasoro alizozikuta mwenyewe, hivyo hana faida ya kuzua ubovu. Namba ya leseni hutafutwa bure kwenye tovuti ya tume.

Si majimbo yote yako hivyo. Minnesota na Georgia, ambako pia wapo jamaa wengi wa Afrika Mashariki, hazitoi leseni hiyo. Huko mzazi aulize bima, uanachama wa chama cha wakaguzi kama ASHI au InterNACHI, na aombe kuona ripoti ya kazi iliyopita. Orodha ya dalali iwe mwanzo tu; dalali hulipwa nyumba ikiuzwa.

Siku ya ukaguzi, kaka alialikwa atembee na mkaguzi. Darini, juu ya chumba cha watoto, bomba la moshi la hita ya maji ya gesi lilikuwa limechomoka. Moshi huo huweza kuwa na kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoua watu usingizini.

“Hili ningelipita,” kaka alikiri.

Muuzaji alileta fundi bomba mwenye leseni kabla funguo hazijakabidhiwa.