Bia Ifichayo Nguvu Zake

Mimi si mlevi, wala sijapata kuwa mlevi. Msomaji ambaye dini yake imemkataza kinywaji namwomba anivumilie kwa kurasa hizi chache, maana sikusudii kumshawishi. Nazungumzia kuonja. Kuonja na kunywa ni mambo mawili, ingawa yote mawili hupita katika koo moja.

Nimeishi Leuven, huko Ubelgiji, miaka mingi kuliko nilivyokusudia siku nilipoondoka Bukoba. Mji huo una chuo kikuu kikongwe kilichoanzishwa mwaka 1425, na una bia. Asubuhi upepo ukivuma kutoka upande wa mfereji, mtu hupata harufu ya kimea kinachochemka, harufu kama ya uji wa mtama ulioachwa jikoni, na mimi kila nikiinusa hukumbuka nyumbani kabla sijakumbuka kuwa niko ugenini.

Jirani yangu alikuwa mwalimu wa kemia aliyestaafu. Nilimwita Mwalimu, kwa Kiswahili, baada ya kumweleza kwamba kwetu neno hilo ni la heshima hata kwa mkuu wa nchi, naye akalipenda akalishika. Alikuwa akitengeneza bia katika banda la gari lake. Gari lenyewe lililala nje kwenye mvua. Siku moja mwaka 2017 alinigongea mlango akasema kwamba ametengeneza bia ya dhahabu, ile kali, na kwamba anataka watu wanne waionje pamoja na mbili za dukani bila kujua ipi ni ipi, wailipe alama kwa haki. Nikamwuliza kwa nini mimi. Akanijibu, "Kwa sababu ya baba yako."

Nilikuwa nimemsimulia habari za rubisi. Baba alikuwa fundi wa rubisi. Ndizi mbivu hukanyagwa kwa miguu pamoja na majani ndani ya mtumbwi wa gogo, maji hutiwa, juisi huchujwa, kisha hutiwa mtama uliokaangwa na kusagwa, mtumbwi ukafunikwa kwa majani ya mgomba mpaka kesho yake. Wageni wakifika, mwenye pombe ndiye anayeonja kwanza, mbele ya macho yao, ili kila mtu aone kwamba haina neno. Baba alionja macho yakiwa yamefumbwa, kisha alitoa hukumu kwa neno moja tu: imeiva, au changa, au imekufa. Na kama imekufa alisema imekufa, hata kama wageni walikuwa wametembea toka asubuhi. Sikupata kumwona akiibadili hukumu yake kwa kuwahurumia watu. Hilo ndilo lililompendeza Mwalimu.

Sasa niseme kidogo juu ya bia yenyewe, maana bila kuijua, msomaji hataelewa kilichonipata.

Bia hii kali ya rangi ya dhahabu asili yake ni kijiji cha Breendonk, kati ya Brussels na Antwerp. Kijiji hicho kinajulikana kwa jambo jingine pia, baya, ngome ambayo Wanazi waliifanya kambi ya mateso tangu mwaka 1940 hadi 1944, na leo ni makumbusho. Ukoo wa Moortgat ulianza kupika bia huko mwaka 1871. Baada ya vita ya kwanza, Albert Moortgat alisafiri hadi Uskoti kutafuta hamira, na kwa hamira hiyo wakatengeneza bia waliyoiita Victory Ale, kuuadhimisha ushindi. Inasimuliwa kwamba mwaka 1923 fundi viatu mmoja aliionja akasema kwa lahaja ya kwao kwamba hii ni shetani hasa. Ndipo ikaitwa Duvel. Hapo zamani ilikuwa nyeusi. Rangi ya dhahabu ilikuja mwaka 1970. Wengine wakaiga, na majina ya waigaji yakafuata mkondo uleule: Lucifer, Judas, Delirium Tremens. Utadhani watengenezaji walitaka kuungama kwa lebo yale ambayo kinywaji chenyewe kinayaficha.

Kwani ustadi wa bia hii ni kuficha. Ina kilevi asilimia 8.5, na nyingine huzidi hapo, ilhali bia za kawaida zina 5 hivi. Lakini ukiitazama ni nyepesi, inang'aa kama juisi ya tufaha. Sababu ni sukari. Mpikaji huongeza sukari tupu juu ya shayiri, na hamira huila yote isibakishe uzito wala utamu. Matokeo yake ni bia kavu, isiyolemea ulimi. Kisha huwekwa baridini muda mrefu, na huumuka mara ya pili ndani ya chupa, ndiyo maana ina gesi nyingi na povu linalosimama kama pamba. Glasi yake ina umbo la ua, kubwa kiasi cha kumeza chupa nzima pamoja na povu hilo, na chini yake imechongwa alama ndogo ili viputo viendelee kupanda. Mtu hunywa moja akadhani amekunywa kitu cha kukata kiu. Anaposimama ndipo anapojua.

Tulikaa jikoni kwa Mwalimu, Jumamosi mchana, watu wanne: mimi, dada mmoja mfamasia, na wazee wawili wa chama chao cha watengenezaji bia wa nyumbani. Mke wa Mwalimu alimimina katika chumba kingine akatuletea glasi zenye herufi A, B na C. Karatasi ya alama ilikuwa ile iliyotungwa na Wamarekani wa Beer Judge Certification Program: harufu alama 12, sura 3, ladha 20, hali ya bia mdomoni 5, na kwa ujumla wake 10. Jumla 50. Nilishangaa kwamba sura, ambayo huuzia bia nusu ya ulimwengu, imepewa alama 3 tu. Nadhani wana haki.

Glasi A ilikuwa nzuri mno. Pea mbivu, ganda la chungwa, pilipili manta kwa mbali, uchungu safi wa hopsi mwishoni, na ulimi ukabaki mkavu ukidai tena. Nikaandika 44, na nilipofunuliwa baadaye kwamba ni Duvel sikushangaa.

Glasi B ilikuwa na utamu zaidi kidogo na viungo zaidi. Niliipa 41. Mahali pa maelezo niliandika maneno haya, nayakumbuka kwa sababu karatasi ninayo hadi leo: "Nguvu yake haionekani kabisa. Sifa kubwa."

Kisha C. Niliinua glasi, na kabla haijafika mdomoni nikanusa gongo.

Sikusema kitu. Nilinusa tena. Nyuma ya matunda kulikuwa na harufu ya moto, harufu ya dawa ya kuondolea rangi ya kucha, na nilipoionja ikaniwasha kooni. Mkono wangu ukaandika 23. Katika vipimo vyao 23 ni bia nzuri tu, si mbaya, lakini wenzangu walikuwa wameandika 34, 33 na 32, na desturi ni kwamba alama za waonjaji zisipishane zaidi ya 7. Zikipishana, lazima wazungumze.

Mwalimu alizitazama karatasi, akavua miwani. "Aidha mmoja wenu amekosea," alisema, "ama watatu."

Nilieleza. Nikasema ina moto, ina harufu ya kemikali. Yule dada mfamasia alinusa tena akasema ni kweli ipo, ila ni kidogo. Joto la kilevi linaruhusiwa katika bia hii, mradi lisiwe la kuunguza. Mzee mmoja alisema mimi natoka nchi ya joto kwa hiyo pua yangu imezoea vingine, maneno ambayo sikuyajibu. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyekiri: juma alilotia hamira kulikuwa na joto kali, banda lilifika nyuzi 28, naye hakuwa na namna ya kulipoza. Hamira ikianza kazi katika joto kama hilo hukurupuka na kuzaa vilevi vizito vinavyowasha. Kosa lilikuwapo. Lakini lilikuwa la ukubwa gani?

Hapo mke wake akaleta chupa. A, Duvel. B ilikuwa chupa iliyopakwa rangi ya kijivu yenye madoadoa kama chombo cha udongo, na juu yake picha ya tembo wa rangi ya waridi. Delirium Tremens, ya kiwanda cha Huyghe, mjini Melle. Wenzangu wakacheka, maana kila mtu Ubelgiji humpenda tembo yule. Na kwa sisi Waswahili kuna kichekesho cha ziada, kwamba tembo ni mnyama na tembo ni pombe vilevile. Siku nyingine ningewaeleza.

Kaka yangu mkubwa alifariki mwaka 2009. Aliuawa na gongo, ingawa kwenye matanga tulisema ini. Alikuwa mtu nadhifu, mwenye sauti ya chini, shati limepigwa pasi. Kwa miaka mingi hakuna aliyejua kiasi anachokunywa, hata mkewe. Niliporudi likizo alinipokea stendi, akanibebea mzigo, akazungumza vizuri kabisa, na mimi nikaandika barua kwa dada yetu kwamba kaka hajambo, watu wanamsingizia. Kilikuwa kipaji chake hicho, kutoonekana. Mwishowe alilazwa hospitali, na kwa kuwa hospitalini hakupata pombe, siku ya tatu alianza kutetemeka na kuona siafu wakishuka ukutani. Alinisihi niwafagie. Niliwafagia, nikachukua ufagio kweli nikafagia ukuta mtupu, kwa sababu ndilo jambo pekee aliloniomba. Ugonjwa huo wa kutetemeka na kuona mauzauza, unaompata mlevi sugu anapokatiwa pombe ghafla, waganga huuita kwa Kilatini delirium tremens.

Nami nilikuwa nimeupa 41, kwa maandishi yangu, na sifa kubwa kwamba hauonekani.

Wageni walipoondoka nilimsimulia Mwalimu haya yote. Nilidhani atanipa pole. Alisema pole, ndiyo, halafu akanyamaza kidogo, kisha akauliza swali la mwalimu wa kemia: "Basi ile 23, umeipa bia yangu, au umempa nani?"

Sikuwa na jibu. Niliomba glasi ya C iliyobaki. Ilikuwa imepata joto la chumba na povu limekwisha, hali ambayo kosa lolote la bia huonekana waziwazi. Nikaonja polepole, macho nimeyafumba kama baba. Moto ulikuwapo. Lakini chini yake palikuwa na mkate, na chungwa, na ukavu mzuri aliokuwa ameutafuta, na yote hayo nilikuwa nimeyaruka. Nilikuwa nimekimbia kwenye harufu ya kwanza. Nikafuta 23 nikaandika 28. Mwalimu alisema nisiifute kwa huruma. Nikamwambia kwamba kwa huruma ningeandika 34.

Kuhusu 41 ya tembo nilifikiri usiku kucha. Nilitaka kuishusha, nilishika kalamu hata mara mbili. Lakini bia ile ilikuwa imefanya hasa kile ambacho aina yake inatakiwa kufanya, na karatasi haiulizi kama ni vyema kufanya hivyo. Niliiacha. Bado naiona ni alama ya haki, na bado sijapata kuinunua chupa ile, hata zawadi nikiletewa humpa mwingine.

Mwaka uliofuata Mwalimu alipika tena. Safari hii alinunua jokofu kuukuu, akaanza nyuzi 18 na kuiachia joto lipande taratibu. Alikuja kwangu na chupa moja isiyo na lebo wala jina, tarehe tu iliyoandikwa kwa chaki. Tulikuwa wawili. Kwetu wazee humwaga matone chini kwa ajili ya waliotangulia. Nilifikiri kufanya hivyo, nikaona kaka yangu asimwagiwe tena. Nilinusa, nikasubiri, nikanusa. Gongo haikuwapo. Niliitafuta kwa muda mrefu, muda mrefu kuliko inavyompasa mwonjaji, na yeye aliniacha niitafute.

Niliandika 37. Alisema nimezidisha, povu lilianguka mapema. Nikamwonyesha kwamba nilikuwa nimekwisha kuikata alama moja ya sura. Basi akachukua glasi zote mbili akaziosha mwenyewe kwenye sinki langu kwa maji matupu, maana anaamini sabuni ndiyo adui wa povu, akaziegesha zikauke, akaniuliza kama kule Bukoba mtama hukaangwa hadi uwe mweusi ama kahawia tu.