Kioo cha mkono wa kushoto

Lubumbashi, tarafa ya Katuba. Mvua kubwa ya mwezi wa kumi na moja ilimkuta dereva mmoja wa taksi barabarani, watu wanne ndani na kioo kimoja kiko chini. Kilikuwa kioo cha mbele, mkono wa kushoto. Mama aliyekaa upande ule alikuwa na unga wa mahindi juu ya mapaja. Akafinya butoni mara ya kwanza, mara ya pili. Kioo hakikupanda. Dereva naye akafinya butoni ya upande wake, hata sauti haikusikika. Yule mama alishuka kabla ya kufika, unga umelowa, akakataa kulipa. Ndani ya taksi hakuna aliyesema kwamba amekosea.

Ili mtu aelewe uzito wa kioo kile, lazima ajue taksi hizi zimejengwa namna gani. Nyingi zinatoka Japani, zinashuka kwenye bandari ya Dar es Salaam, halafu zinapita Zambia mpaka mpaka wa Kasumbalesa. Usukani wake uko kuume. Lakini Kongo magari yanapita kuume vilevile, kwa hiyo dereva anakaa upande wa mtaro, na abiria wa mbele ndiye anayekaa upande wa magari. Polisi wa barabarani akija, anakuja kwa kioo cha kushoto. Muuza mikate na muuza unite za simu wanaweza kuinama kwenye kioo kile kile. Kinapanda na kushuka siku nzima kuliko vingine vyote, na mlango wake unafunguliwa na kubamizwa kila baada ya dakika chache.

Motokari si ya dereva. Ni ya mama mmoja mjane, aliyeinunua kwa pesa ya mwisho aliyoachiwa na bwana yake. Kila jioni dereva anampelekea pesa waliyopatana, kinachobaki ni chake. Wamefanya hivyo karibu miaka miwili bila makelele. Kwa hiyo kioo kilipokufa, dereva alienda kwake moja kwa moja, na mama akatoa dola 35 ambazo fundi wa garaji aliomba. Fundi alisema motere ya kioo imeungua, lazima kuweka nyingine. Hakupima kitu. Alifungua mlango, akatoa motere, akaweka ingine iliyotumika, akafinya butoni, kioo kikapanda. Hakuna karatasi iliyoandikwa. Motere ya zamani ilibaki garajini, na dereva hakuiuliza.

Kioo kilifanya kazi siku nne.

Siku ya tano kilikufa tena, kikiwa chini. Mama alisikiliza habari akiwa amesimama mlangoni, halafu akasema: «Mwanangu, motere inaweza kufa siku nne? Kweli ulinunua, ao pesa yangu iliishia kwenye nyumba yako?» Dereva akajibu: «Mama, hata franka moja sikukula.» Mama hakubishana. Alimpa mpaka siku ya Mungu, na kama kioo hakijapona, ufunguo utaenda kwa mtoto wa ndugu yake. Tena dola 35 atazikata polepole.

Usiku huo dereva alifunga dirisha kwa plastiki na skochi, halafu akalala ndani ya motokari, kwa sababu plastiki haizuii mwizi. Usiku wa pili vilevile. Bibi yake alimletea blanketi na ugali, akamuuliza kama kweli hakuchukua ile pesa. Swali hilo lilimuuma kuliko lile la mama.

Siku ya tatu madereva wenzake walimwelekeza kwa mzee mmoja anayetengeneza umeme wa motokari chini ya muembe, karibu na soko. Zamani alishughulikia magari makubwa ya mgodi. Mzee hakushika kifaa hata kimoja. Alianza kwa maswali, huku anakunywa chai.

«Vioo vitatu vingine vinapanda?»

«Vinapanda, Papa.»

«Hiki kinakataa kwa butoni zote mbili, yako na ya abiria?»

«Zote mbili.»

Hapo mzee alieleza kitu ambacho mafundi wengi wanakiruka. Kama kioo kinakubali butoni moja na kukataa nyingine, motere ni nzima, ugonjwa uko kwenye butoni ao waya zake. Kama kinakataa kwa abiria wote lakini dereva anakipandisha, tazama kwanza ile butoni ndogo ya kufungia vioo vya wengine. Kuna mtu alimletea motokari ambayo milango mitatu ilikuwa imefunguliwa yote huko alikotoka, kumbe mtoto alifinya tu butoni hiyo. Kama motere inalia lakini kioo hakisogei, kamba ao meno ya chuma ndani ya mlango yamekatika. Na kioo kinachopanda polepole kama mgonjwa, mara nyingi ni vumbi la kiangazi lililojaa kwenye mpira ambamo kioo kinateleza. Huyo anahitaji kusafishwa, si kununuliwa motere.

Akamwomba dereva awashe taa za ndani na kufinya butoni. Taa hazikufifia hata kidogo. Kama motere ingekuwa inapata umeme lakini imekwama, taa zingefifia kidogo kwa sababu motere inavuta. Hapa kulikuwa kimya kabisa, maana yake umeme haufiki. Akapima fizibo kwa taa yake ndogo, ikawaka pande zote mbili.

Dereva alitaka wapulize mafuta ndani ya butoni, kama alivyoona wengine wanafanya. Mzee alikataa kwa ukali, na alikuwa na haki. Mwaka 2012 Toyota iliita garajini magari zaidi ya milioni 7 duniani kwa sababu ya butoni kuu ya vioo kwenye mlango wa dereva. Grisi yake haikupakwa sawasawa, na mtu akiongeza mafuta ya kawaida ya dukani, butoni iliweza kuyeyuka na kutoa moshi.

Halafu likaja swali ambalo fundi wa kwanza hakuliuliza: «Kimewahi kuamka chenyewe?»

Dereva akafikiri. Ndiyo, mara moja. Abiria mmoja mwenye hasira alibamiza mlango, na mara hiyo kioo kikakubali kupanda mpaka katikati. Mzee akaweka kikombe chini.

Alimwambia dereva afinye butoni bila kuiachilia, na yeye akaanza kufungua mlango polepole sana. Kimya. Mlango ulipofika karibu nusu, kioo kikaruka na kupanda. Akausogeza tena kidogo, kikasimama.

Kati ya mlango na mwili wa motokari kuna mpira mweusi wenye mikunjo, na waya zote za mlango zinapita ndani yake. Kila mlango unapofunguliwa, waya zinapinda. Kwa motokari ya nyumbani hilo si kitu, lakini kwa mlango wa abiria wa taksi ni kila siku, mwaka hadi mwaka. Mzee aliondoa kwanza waya wa batri, akavuta mpira ule, na ndani yake waya mbili zilikuwa zimepasuka ngozi. Moja ilionekana nzima kwa nje, lakini alipoivuta ikarefuka kama mpira: shaba ilikuwa imekatika ndani. Ndiyo maana kioo kilipona kwa siku nne. Fundi wa kwanza alipofungua mlango wote ili abadilishe motere, ncha mbili za waya ziligusana, akafikiri ni dawa yake iliyoponyesha.

Hakuunganisha pale pale zilipokatika, kwa maana waya ungekuwa mfupi na kukatika tena. Aliongeza vipande vipya, vyenye urefu wa kupinda bila kuvutwa, akachomelea kwa bati, akafunika kila kiungo peke yake. Alidai franka 15.000.

Kioo kilipanda. Lakini dereva alikuwa bado mwizi machoni pa mama.

Jumamosi alienda kwenye garaji ya kwanza kuomba motere ya zamani. Fundi alisema ilitupwa. Dereva akakaa kwenye tairi, akangoja bila kusema neno. Baada ya karibu saa moja motere ikatoka chini ya meza.

Siku ya Mungu, kisha misa, mama alifika chini ya muembe akiwa bado na kitenge chake cha kanisa. Mzee aliweka motere ya zamani chini, akagusisha waya zake mbili kwenye batri. Ikazunguka. Akabadilisha waya, ikazunguka upande wa pili. Mama akasema: «Rudia.» Mzee akarudia. Mama akauliza kama hiyo kweli ndiyo iliyotolewa kwenye motokari yake, na dereva akamwonyesha alama ya rangi nyekundu, sawa na ile iliyo kwenye motere ya mlango wa pili.

Mama hakuomba msamaha. Alitembea mpaka kwenye motokari, akabandua mwenyewe mabaki ya skochi yaliyobaki kwenye mlango, akayakunja mkononi. Halafu akaketi mbele, upande wa kushoto, akamwambia dereva ampeleke nyumbani. Njiani alishusha kioo, akakipandisha, akakishusha tena.

Dola 35 bado hazijarudi. Fundi wa garaji ametoa 10 na kuahidi zingine. Motere ya zamani iko kwa mama, imefungwa kwenye mfuko, na amesema haitatoka hapo mpaka deni liishe.