Antena ilifichwa, lawama ikamwangukia mtoto

Ubelgiji – Papa mmoja mzaliwa wa Bukavu ana mchezo wake wa Jumapili ambao jamaa yake ya Kivu haijauelewa mpaka leo: kurusha ndege ndogo isiyo na motere kwenye mteremko wa kilima, huko Ardennes. Mabawa yake yana mita mbili na nusu. Upepo ukigonga kilima hupanda juu, na ndege hupanda pamoja nao. Mwenye ndege anasimama chini, akiiongoza kwa telekomande.

Siku ya shida, telekomande ilikuwa mikononi mwa kijana wake wa miaka 14. Ndege ilikuwa imefika mita mia tatu hivi. Kijana akaigeuza irudi, pua ikiwaelekea. Palepale ikaacha kutii. Ikainama, ikashuka kwa kasi na kujichoma ndani ya nyasi, hatua chache tu na njia ambako mama mmoja alikuwa anapita na watoto wawili. Kwa bahati, hakuna aliyeumia.

Papa akamgombeza kijana mbele ya watu. Kijana akajibu: «Papa, niliivuta, haikusikia.» Hakumsikiliza. Njia yote ya kurudi nyumbani hakuna aliyesema neno.

Usiku, alipopanga vipande juu ya meza, ndipo alipoona kosa. Ndege yake ya zamani ilikuwa ya frigolite, ambayo mawimbi ya redio hupita ndani yake bila shida. Hii mpya ilikuwa na mwili wa karboni. Karboni hupitisha umeme, kwa hiyo inayazuia mawimbi karibu kama sanduku la chuma. Tena yeye mwenyewe ndiye aliyezilaza antena zote mbili ndani, moja kando ya nyingine, kusudi ndege ipendeze. Pua ilipowaelekea, betri, uzito wa risasi na karboni yote vilisimama kati ya antena na telekomande.

Zamani, huko Ulaya, wengi walitumia megahezi 35, na waya wa karibu mita moja ulining’inia nje ya ndege. Hakuna aliyeweza kuusahau. Leo ni gigahezi 2.4: wimbi lina sentimita 12 na nusu, na ncha ya antena inayopokea ina milimita 31 tu. Udogo huo unamdanganya mtu, anadhani inaweza kukaa popote. Lakini mtu wa Bukavu anajua: ukiingia nyuma ya kilima, rezo inapotea, hata simu iwe ya bei gani.

Kesho yake alimwita kijana uwanjani. Wakapunguza nguvu ya telekomande, kama inavyofanywa wakati wa kupima. Kijana akabeba ndege, pua ikimwelekea baba, akarudi nyuma akihesabu hatua. Kwenye hatua ya 12 usukani wa mkia ukakwama.

Wakatoboa matundu mawili, wakatoa ncha za antena nje: moja imesimama, nyingine imelala, kusudi ndege ikigeuka, moja ibaki na nafasi nzuri ya kupokea. Antena ya telekomande nayo wakaikunja kando, maana ncha yake ikielekezwa kwenye ndege, nguvu inayokwenda huko ni ndogo kabisa. Wakapanga pia kwamba mawimbi yakikatika, breki za mabawa zifunguke zenyewe, ndege ishuke karibu. Wakapima tena. Hatua 30, pua, mkia, tumbo: usukani ulitii kila upande.

Hapo papa akasema neno ambalo kwao wazazi hawalitoi kirahisi: «Unisamehe. Kosa lilikuwa langu.»

Kijana hakujibu sana. Lakini tangu siku hiyo, ndege hairuki kabla yeye hajahesabu hatua zake 30, na baba anangoja.