Mahindi ya Nyanya na Pipa la Bwaloni

Wahenga walisema kwamba mwenye njaa hana miiko. Methali hii tumeiandikia insha tangu shule ya msingi, na kila mara tumekubaliana nayo kwa sababu alama ziko upande huo. Leo naomba kuibishia kidogo. Mimi ni mzaliwa wa Makueni, nje kidogo ya mji wa Wote, na huko kwetu njaa yenyewe ndiyo iliyowafunza watu miiko. Aliyenifunza mimi ni nyanya yangu mzaa mama, ambaye hajui kusoma zaidi ya jina lake na namba za kwenye mizani.

Ukambani njaa hupewa majina kama watoto. Mzee akitaka kukueleza fulani alizaliwa lini, aghalabu hatataja mwaka, atakutajia njaa. Iko ile ya miaka ya mwanzo ya 1980 iitwayo Nikw'a Ngwete, yaani "nafa huku nimeshika". Watu walikuwa na pesa mkononi lakini dukani hapakuwa na kitu cha kununua. Ukame wa 1984 nao ndio ulioleta mahindi ya manjano kutoka ng'ambo. Hadi leo Nyanya akiyaona mahindi ya rangi hiyo, hata kama ni ya kuku, hukunja uso.

Balaa la mwaka wa 2004 halina jina zuri la kusimulia, na Nyanya hulizungumzia kwa sauti ya chini. Mwaka huo watu 317 waliugua katika sehemu zetu, wengi wao wakiwa wa Makueni na Kitui, na 125 wakafariki. Watu hawa walikufa wakiwa na mahindi nyumbani. Mavuno yalikuwa yamekutwa na mvua isiyo ya wakati wake, watu wakayaingiza ndani yakiwa bado na unyevu, wengine kwa kuogopa wezi, maana njaa ilikuwa imekaza. Ukungu ukaota. Ukungu huo hutoa sumu iitwayo aflatoksini, na sumu hiyo haiondoki kwa moto, hata uchemshe githeri tangu alfajiri hadi magharibi. Hushambulia ini. Macho ya mtu hugeuka manjano na tumbo likafura. Shemeji ya Nyanya alikuwa mmoja wao. Alikuwa amekula chakula cha shamba lake mwenyewe.

Baada ya mazishi ya mwaka ule, kina mama wa kijiji chetu walikaa chini. Tayari walikuwa na mwethya wao. Kwa asiyejua, mwethya ni desturi yetu ya kufanya kazi kwa zamu: leo tuko kwangu, kesho kwako, na asiyefika bila sababu hulipa faini. Kwa mwethya vilima vingi vya Ukambani vilichimbwa matuta ili maji ya mvua yasichukue udongo. Sasa wakaongeza zamu ya kupukuchua na kuanika. Hapo awali kila nyumba ilihangaika kivyake, na mama mwenye watoto wadogo angeweza kupukuchua wiki mbili mvua ikamkuta. Kina mama ishirini wakikaa uani hata vilima vya mahindi huisha siku moja. Huanikwa juu ya turubai, kamwe si juu ya ardhi tupu, kwa kuwa ukungu huo hukaa kwenye udongo.

Kujua kama mahindi yamekauka kuna ufundi wake, na hapa ndipo Nyanya hunifurahisha. Watu wengi huuma punje kwa meno. Nyanya alifundishwa na afisa wa kilimo njia ya chupa. Unachukua chupa kavu ya kioo, unatia chumvi kavu vijiko vichache, unatia mahindi kiasi cha thuluthi ya chupa, unaifunga na kuitikisa, kisha unaiacha robo saa. Chumvi ikigandama kwenye kioo, mahindi yana maji bado, rudisha juani. Isipogandama, yako tayari. Hakuna mashine, hakuna betri. Nilimweleza mwalimu wetu wa Kemia akasema ati ni jaribio zuri kuliko mengine tuliyoyafanya maabarani. Sijui kama alikuwa akitania.

Kuna pia adui aitwaye dumuzi, mdudu aliyetoka Amerika ya Kati, akaingia Tanzania, na mwaka wa 1983 akaonekana Taveta. Huyu akiingia ghalani hula mahindi mpaka yakawa unga mtupu, na hata mbao haziachi. Dhidi yake kikundi hununua, kwa pesa za chama, ile mifuko ya tabaka tatu: miwili ya plastiki ndani na gunia la kawaida nje, kila mmoja ukifungwa peke yake. Wadudu waliomo humaliza hewa yao, wakafa bila dawa. Bei yake ni kubwa kuliko ya gunia la kawaida, lakini huweza kutumiwa zaidi ya msimu mmoja usipotoboka. "Ila mfuko haukaushi," Nyanya huwaambia wanachama wapya. Wengi hudhani mfuko ni dawa ya kila kitu.

Sasa nije kwenye kisa chenyewe. Mnakumbuka kwamba kuanzia mwisho wa 2020 mvua ilikosekana misimu mitano mfululizo katika sehemu nyingi kavu za nchi. Kisha mwishoni mwa 2023 ikaja El Nino. Mapema mwaka wa 2024 watu wa kwetu walivuna, lo! mavuno ambayo watoto wengine hawakuwahi kuyaona. Na likizo ya Aprili, ile iliyorefushwa kwa sababu ya mafuriko, nilikuwa nyumbani. Kikundi kilipokwenda kukagua ghala za wanachama, nilichukuliwa niwe wa kubeba.

Kwa mama mmoja mjane tulikuta magunia manne yameharibika. Zamu ya kuanika ilipofika kwake alikuwa hospitalini akimwuguza mtoto, na alipotoka, mvua ilikuwa imeanza tena. Aliyapukuchua peke yake na kuyatia ndani. Tulipofungua gunia la kwanza harufu ilitupiga. Punje zilikuwa na vumbi la kijani kibichi, zimeshikana mabonge.

Mwenyekiti alisema mahindi yale hayaliwi. Yule mama akauliza, "Sasa mnataka nikule nini? Hii ndiyo iko." Hakupiga kelele, aliuliza tu. Mmoja akapendekeza yachambuliwe, mabaya yatupwe na mazuri yabaki. Mwingine akasema wape kuku. Wa tatu, nisimtaje, akasema yapelekwe sokoni haraka kabla hayajabadilika rangi zaidi.

Nyanya alikuwa ameketi juu ya kinu kilichogeuzwa. Akajibu moja moja. Kuchambua hakufai, kwa sababu punje inaweza kuwa na sumu na jicho lisione. Kuku na ng'ombe wakila, sumu huwadhuru nao, na kwa ng'ombe hupita hadi kwenye maziwa. Na ya sokoni? "Tutaenda kuzika watu wa nani?" Hakuna aliyejibu hilo.

Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya kutokuwa na njaa na ya kupata chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika. Nimeikariri kwa ajili ya somo la Historia na Serikali. Siku ile haki hiyo ilikuwa mikononi mwa wanawake ishirini na mmoja uani kwa mjane, nao walianza kupiga hesabu. Gunia moja ni madebe matano. Magunia manne ni madebe ishirini. Ukimwondoa yeye, wanachama walibaki ishirini. Kila mmoja akaambiwa alete debe moja, si ya ukungu, na lipimwe kwa chupa mbele ya watu.

Usidhani walifurahi. Debe ni chakula cha siku nyingi, na wengine walikuwa wamelipa madeni ya ukame kwa mavuno yaleyale. Mmoja alileta nusu, akasema nyingine ataleta Juni. Aliileta Julai. Lakini madebe yalifika.

Magunia yale manne tuliyachomea shimoni na kuyafukia. Mimi na binamu yangu tuliachwa tukilinda mpaka moto ulipokwisha. Magharibi alikuja mzee mmoja wa kijiji cha pili na kigunia kidogo kwapani, akatuomba ampatie yale ya pembeni ambayo hayajashika moto. "Nitaosha," akasema. Tulimwamkia, tukamwambia hatuwezi. Akasimama akitazama moto kwa muda. Binamu alikimbia kumwita Nyanya, naye akaja na gorogoro tatu za mahindi yake mwenyewe, akamtilia kwenye kile kigunia. Hawakuzungumza mengi. Basi ndiyo maana nasema methali ile ina mahali pake na ina mipaka yake: mzee yule hakuwa na miiko, na Nyanya alijua kwamba kumkataza bila kumpa chochote ni bure.

Kikundi kina mambo mengine pia, kama kukausha maembe, ambayo kwetu huoza chini ya miti kila msimu. Kaunti ilifungua kiwanda cha maembe huko Kalamba mwaka wa 2017, lakini miti ni mingi, na hakuna kiwanda kimoja kitakachoyamaliza.

Wala sidharau michango. Mwaka wa 2011 kampeni ya Kenyans for Kenya ilikusanya zaidi ya shilingi milioni 500 kwa ajili ya walioathiriwa na ukame, na kwetu pia mwolyo, chakula cha msaada, umeokoa wengi. Ila mwolyo huja watu wakiwa wameshaishiwa. Debe la jirani huja wiki hiyo hiyo.

Sasa tuje hapa shuleni. Kama mjuavyo, mzazi ambaye hajakamilisha karo huruhusiwa kuleta mahindi na maharagwe. Mama huleta magunia mawili kila mwaka, nayo hutoka ghalani mwa Nyanya: yameanikwa juu ya turubai, yamepimwa kwa chupa, yamefungwa mara tatu. Kisha yanasagwa, yanapikwa, na mengine yanaishia katika lile pipa la buluu nyuma ya bwalo. Mfugaji wa nguruwe hulichukua kila jioni. Sina ugomvi na nguruwe, lakini nilitaka kujua ni kiasi gani.

Muhula uliopita wanachama sita wa chama chetu, pamoja na wenzetu wa chama cha kilimo, tuliomba mizani ya jikoni tukapima pipa kila siku ya masomo kwa majuma mawili. Tulipata kilo 236. Chakula kilichopikwa kina maji mengi, kwa hiyo asiniambie mtu kwamba hizo ni kilo 236 za mahindi. Hata hivyo kwa shule ya wanafunzi 640 si haba. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake makuu yako hapa hapa Gigiri, Nairobi, liliripoti mwaka wa 2024 kwamba mwaka wa 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, asilimia 60 ikitoka majumbani, ilhali watu wapatao milioni 783 walikuwa wakikabiliwa na njaa. Pipa letu ni tone katika bahari hiyo. Lakini ndilo pipa tunaloweza kulifikia.

Wengi walidhani chakula humwagwa na wajivuni wanaongoja mkate wa kantini. Wamo, naam. Lakini tulipopima meza kwa meza tuligundua kuwa meza za mwisho ndizo zinazotupa zaidi. Zinapakuliwa mwisho, na kengele inalia wakiwa hawajafika nusu ya sahani. Mtu anachagua kati ya ugali na kuadhibiwa kwa kuchelewa. Sababu ya pili ni maharagwe yenye mawe na wadudu. Tulipomwuliza mpishi mkuu alisema, "Nyinyi mnalalamika, na mimi nachambua saa kumi ya usiku kwa taa moja. Kujeni mchambue basi."

Basi tumekwenda. Kila Jumamosi jioni meza nne huchambua maharagwe ya wiki nzima, kwa zamu, na asiyefika bila sababu huosha sufuria. Mwethya, kwa jina jingine. Naibu wa mwalimu mkuu ameongeza dakika kumi za chakula cha mchana, na anayetaka huanza na nusu kisha hurudi kuongezewa. Kuhusu kupunguza magunia ambayo wazazi hudaiwa, amesema tumletee hesabu ya muhula mzima, si ya majuma mawili, ndipo atakapoifikisha kwa bodi.

Tunaendelea kupima. Jumatatu, siku ya ugali na maharagwe, pipa limeshuka kutoka kilo 31 hadi 12. Jumatano bado hatujaliweza, na viranja wa bwalo wanasema ni kwa sababu ya kabeji. Wanaotaka kusaidia kupima waje jikoni baada ya chakula cha mchana, na waje na kalamu, maana ya mpishi imepotea.