Panga Moja Gizani

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, ukitaka kusikia watu wakizungumzia helikopta tangu asubuhi hadi usiku, ungekwenda College Park, kwenye Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani. Kituo cha utafiti cha pale kilianza mwaka 1982, baadaye kikapewa jina la Alfred Gessow, mhandisi ambaye mwaka 1952 alitoa na Garry Myers kitabu cha aerodinamiki ya helikopta. Mimi nilikuwa mwanafunzi tu, na bahati ikanipeleka kwenye maabara ambako kundi la Profesa Gordon Leishman lilichunguza visulisuli vinavyozaliwa kwenye ncha za mapanga.

Chumba kilikuwa kipana na taa zimezimwa. Katikati ilisimama rota ndogo: panga la sentimita 40 hivi, likizunguka mara 35 kwa sekunde, ncha yake ikikata hewa kwa kasi ya karibu mita 90 kila sekunde. Upande wa pili wa kitovu palikuwa na uzito wa kusawazisha, basi. Rafiki yangu wa Mombasa, aliyekuwa akisomea uchumi, alikuja siku moja kutazama akauliza, "Kwani helikopta yenu ina panga moja, ndugu yangu?"

Aliuliza jambo la msingi. Hewa iliyo chini ya panga ina shinikizo kubwa kuliko iliyo juu yake. Inapofika nchani hupata upenyo, ikapanda na kujiviringisha, na panga linapokwenda mbele huacha nyuma yake uzi wa upepo unaozunguka kwa nguvu. Mapanga yakiwa manne, nyuzi hizo hukaribiana, husukumana na kuyumbishana. Likiwa moja, kisulisuli hupata nafasi ya kuishi peke yake, nawe ukakifuata tangu kuzaliwa hadi kuzeeka.

Ili kukiona, tulijaza hewa moshi mwembamba wa mafuta, kisha tukapitisha utando wa mwanga wa leza uliowaka kwa mpigo mmoja na mzunguko wa panga. Kisulisuli kilionekana kimesimama, na katikati yake palikuwa na jicho jeusi. Mzunguko mkali ulikuwa umezitupa nje chembe za moshi, ukaacha kiini bila chochote cha kuakisi mwanga. Kando ya jicho hilo moshi ulijipanga kwa pete laini, zilizotulia. Nje zaidi ndiko vurugu zilikoanza. Sikuwa nimewahi kudhani kwamba mahali penye mzunguko mkali kiasi hicho pangeweza kuwa na utulivu.

Kupima kulitaka subira zaidi. Miali ya leza, ya kijani, buluu na zambarau, ilikutanishwa kwenye nukta moja. Chembe iliyopita hapo ilimeremeta, na mmeremeto huo ulitoa kasi yake. Baada ya hapo tulisogea nukta nyingine, kisha nyingine. Hata hivyo kisulisuli hakirudi mahali pale pale kila mzunguko, hutangatanga kidogo. Ukikusanya vipimo na kutoa wastani bila kusahihisha kutangatanga huko, utapata kiini kinene kuliko kilivyo na kasi ndogo kuliko ya kweli. Wastani ule unavutia kwa ulaini wake, na ni wa uongo. Hapo ndipo nilipojifunza kuuliza kila namba imepatikanaje.

Kazi hii ina maana kwa yeyote anayekaa karibu na njia ya helikopta. Inaposhuka kutua, hewa inayopanda huvizuia visulisuli visiende chini haraka, mapanga yanayofuata yakavigonga. Ndiko unakotoka ule mlio wa kupigapiga unaosikika mbali, pamoja na mtikisiko unaochosha chombo. Mhandisi anayetaka kupunguza mlio huo lazima ajue kiini kina unene gani na kinazunguka kwa kasi gani kinapogongwa, na programu ya kompyuta inayodai kuujua upepo wa rota hupimwa kwa vipimo vya aina hiyo.

Leo miji inajiandaa kwa vyombo vya umeme vyenye rota nyingi, vitakavyopita juu ya mapaa ya watu. Wabunifu wake watahitaji mahesabu makubwa. Naamini pia watahitaji vijana wa kukaa gizani na panga moja, mpaka walielewe.