Siku Niliyofika Kajengwa

Mtu wa Jang'ombe akikwambia anakwenda shamba, mara nyingi amekusudia Fuoni, na Fuoni siku hizi ni mjini. Mimi nilitimiza miaka 41 sijapata kukanyaga Makunduchi, na mke wangu kwao ni huko huko. Kila Mwaka Kogwa, sikukuu yao, ukifika mwezi wa Julai nilikuwa na udhuru wangu. Mashemeji wakachoka kunialika.

Kilichonitoa nyumbani mwisho wake ni kitabu, jambo ambalo mke wangu hajanisamehe. Nilikuwa nasoma habari za ukoo wa kifalme wa Song, uliotawala China kuanzia mwaka 960 hadi 1279, na katikati ya majina ya Kaifeng na Hangzhou nikakutana na Kajengwa, Makunduchi. Mwaka 1945 zilifukuliwa pale sarafu za Kichina kiasi cha 250, nyingi zao za Song. Nikamwita mke wangu kutoka jikoni. Akatazama, akafuta mikono.

"Kajengwa si kwa mjomba? Ungekwenda kwenye Mwaka ungeshaambiwa."

Jumamosi asubuhi tukapanda gari Mwanakwerekwe. Juu ya paa magunia ya unga, ndani watu tumebanana, na mimi nimepakata ndoo ya mtu nisiyemjua. Baada ya Tunguu nyumba zikaanza kupungua, na Jozani kima punju wawili wakavuka barabara kwa maringo, dereva akawasubiri.

Nilikuwa na kitabu changu mkobani na kichwa kimejaa mipaka. Maana Song hawakuwahi kukaa raha upande wa kaskazini. Palikuwa na majimbo 16, pamoja na mji ambao leo ni Beijing, na mengi yao yalikuwa mikononi mwa Liao, dola ya Wakhitan, tangu kabla Song yenyewe haijaundwa. Wakayapigania, wasiyapate. Mwaka 1005 wakasuluhishana Chanyuan: kila mtu abaki alipo, na kila mwaka Song watoe wakia 100,000 za fedha na majora 200,000 ya hariri. Wafalme wawili wakaitana ndugu. Katika baraza la mfalme ile iliitwa msaada. Pale Darajani tungeiita kodi ya kukaa ndani ya nyumba yako mwenyewe. Halafu magharibi wakasimama Watangut wa Xi Xia, nao wakalipwa. Mwisho wakaja watu wa dola nyingine, Jin, mwaka 1127 wakiwa wameshauteka mji mkuu Kaifeng wakamchukua mfalme mateka pamoja na baba yake, na waliosalimika wakakimbilia kusini, Hangzhou ikawa makao yao.

Tulipofika Kitogani tairi likapasuka. Tukashuka sote, utingo akaingia chini ya gari, na mzee mmoja mwenye bakora akaniuliza nakwenda kwa nani.

"Kwa wakwe zangu Kajengwa, mzee. Na kutazama pahala zilipopatikana zile fedha za Kichina."

"Fedha zimeshachukuliwa, mwanangu. Umechelewa."

Kajengwa tulifika karibu na adhuhuri. Mjomba alikuwa barazani. Nikamwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu anayekumbuka deni, kisha akacheka. Baada ya wali na pweza akanichukua nyuma ya nyumba. Sikuona kibao wala alama yoyote. Ni uwanda tu: mawe ya matumbawe yaliyochomoza kama meno, mihogo imepandwa palipo na kiganja cha udongo, na ukuta wa mawe makavu, jiwe juu ya jiwe bila saruji, unafika gotini. Nikauliza ni wa nini.

"Mpaka. Huku sisi, kule wenzetu."

"Na jiwe likianguka?"

"Atakayeliona alirudishe. Ukilisogeza upande wako, utaitwa."

Nikachutama nikamchorea sarafu mchangani: duara, tundu la mraba katikati, na maandishi manne kulizunguka tundu, yenye jina la zama za mfalme.

"Tundu la nini?"

"La kamba, mjomba. Walizitunga."

"Aa. Mtungo, kama samaki."

Hilo neno sikuwa nimelipata kitabuni. Mtungo mmoja ulihesabiwa sarafu 1,000, na karibu na mwaka 1080 viwanda vya Song vilikuwa vikisubu zaidi ya mitungo milioni 5 kwa mwaka. Serikali ilipiga marufuku sarafu zisitoke nje ya nchi, kwa sababu shaba ilikuwa inawaishia. Zikatoka. Zhao Rugua, mkaguzi wa biashara ya bahari katika bandari ya Quanzhou, aliandika kiasi cha mwaka 1225 juu ya nchi ya Cengba, ambayo wataalamu wanaiona kuwa pwani yetu hii: watu Waislamu, pembe za ndovu, ambari, na vyombo vya Gujarati na vya Waarabu vikileta nguo na vyombo vya kauri. Mwenyewe hakufika, aliwauliza wafanyabiashara.

"Kwa hivyo mfalme wao alitutawala?" mjomba akauliza.

Nikamwambia hapana, hata siku moja. Mfalme ambaye hakuweza kuyashika majimbo 16 mlangoni kwake, shaba yake ilikuwa inalala Makunduchi bila askari hata mmoja kuisindikiza. Kwa sultani wa kwetu ilikuwa kinyume. Sayyid Barghash alihesabu kuwa ni wake mpaka maziwa makuu, kisha Agosti 1885 manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya kasri lake, na mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani wakakubaliana bara awe na maili 10 tu kutoka ufukweni. Mwaka 1890 Ujerumani ikakinunua kipande chake cha ukanda huo kwa mark milioni 4.

Mjomba akatikisa kichwa. "Maili 10! Hata hapa hatupimani hivyo."

Alasiri akanipakia kwenye Vespa yake mpaka Kizimkazi Dimbani, nikauone msikiti wa kale. Msikiti kwa nje ni mdogo, paa la bati, ungeupita usiujue. Ndani, ukutani mwa kibla, maandishi ya Kikufi yamechongwa kwenye jiwe la matumbawe, herufi zimechanua kama majani, na mwaka wake ni 500 Hijria, yaani 1107. Nilipiga hesabu nimesimama pale pale. Mwaka huo Huizong alikuwa mfalme Kaifeng, na ilikuwa imebaki miaka 20 tu kabla yeye na mwanawe hawajachukuliwa mateka.

Muadhini akakimu. Tuliswali humo alasiri, safu moja na nusu, tukarudi Makunduchi kuwahi gari la mwisho.