Hata Ng'ombe wa Jirani

Kuagana kuna maana mbili. Watu wawili wakipeana ahadi, wameagana. Wakishikana mikono stendi ya Garsen, mmoja apande basi la Lamu na mwingine abaki, pia wameagana. Biblia yetu imegawanywa kwa neno hilo, Agano la Kale na Agano Jipya, na wengi wetu tulikariri vitabu vya pande zote mbili bila kuuliza agano lenyewe ni kitu gani.

Jibu la haraka ni kwamba ni mkataba na Mungu. Mimi nitii, Yeye anibariki. Vijana wengi mjini tunaishi imani ya aina hiyo: toa sadaka, ngoja muujiza, usipokuja hama kanisa. Lakini hebu soma Mwanzo 15. Zamani waliofunga agano walipasua wanyama na kupita katikati ya vipande, kama kusema: nikivunja, na mimi yanipate haya. Abramu aliwapanga wanyama vizuri, halafu akashikwa na usingizi mzito. Kilichopita katikati ni moto na moshi, ishara ya Mungu. Abramu hakupita. Yaani Mungu alijifunga peke yake. Wakristo wanakielewa hivyo hivyo kikombe cha Karamu ya Mwisho: aliyeahidi ndiye aliyelipa.

Mimi ni Mpokomo wa Tana Delta, kwa hivyo agano linalonigusa zaidi ni la Nuhu. Kwetu gharika si hadithi. Mto Tana ukivunja kingo, kama 1997 na 2018, shamba linageuka ziwa na watu wanatoka kwa mitumbwi. Nyanya yangu akiona upinde wa mvua alikuwa anasema tu, "Amekumbuka." Na kweli, ukisoma Mwanzo 9, upinde umewekwa ili Mungu mwenyewe auone akumbuke. Hakuahidi kwamba mto hautafurika. Tena usipofurika kabisa tutalala njaa, maana matope yale ndiyo mbolea yetu. Aliahidi kwamba maji hayatafuta uhai wote tena.

Kuna jambo jingine kwenye sura hiyo ambalo sijawahi kulisikia likihubiriwa. Agano lile halikufungwa na Nuhu na wanawe peke yao. Ndege wametajwa, wanyama wa porini wametajwa, na mifugo pia.

Sasa lisome ukiwa Garsen. Sisi tunalima kandokando ya mto. Majirani zetu Waorma, Waislamu ambao nao wanamjua Nuhu kama nabii, wanafuga. Kiangazi ng'ombe lazima wafike majini, na njia yao inaitwa malka. Malka zililindwa kwa mapatano ya wazee, gasa upande wetu, matadeda upande wao. Mvua ikirudi, wafugaji waliondoka kwenda malishoni, wakijua watapokelewa tena. Waliagana kwa maana zote mbili.

Kisha mashamba yakaziba malka, na ng'ombe wakaingia mashambani. Tarehe 22 Agosti 2012 kijiji cha Riketa kilivamiwa, wakauawa Waorma wasiopungua 48, wengi wao wanawake na watoto. Hata ng'ombe waliuawa. Septemba ikawa zamu ya Chamwanamuma, kijiji cha Wapokomo. Kufikia mapema 2013, zaidi ya watu 100 walikuwa wamekufa katika delta.

Kumbuka, wamisionari walifika Golbanti na Ngao tangu miaka ya 1880. Neno agano halikuwa geni kwetu. Ndiyo maana siwezi kulizungumzia kama mada ya semina. Kama Mungu alijifunga pia kwa mifugo iliyotoka safinani, basi ng'ombe wa jirani anayeshuka kunywa maji yumo ndani ya ahadi ninayoiimba Jumapili. Siwezi kuipokea nusu.

Na si jambo la maneno matupu. Kuacha malka wazi kuna gharama, na anayelipa ni mkulima, kwa jembe lake mwenyewe: ni kipande cha ardhi nzuri, karibu na maji, ambacho kila msimu unakipita bila kupanda chochote.